Matoka Niliyong'oa Ruiru

Baba,

Umelala kaburini Murera mwaka wa pili sasa, na barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Leo naimaliza, hata nikiaibika. Nimeshaaibika tayari.

Ile kazi uliyoniombea, ya kuwatembeza wazungu makaburini, bado ninayo. Kila Jumamosi gari linatoka Nairobi limejaa wajane na askari wazee. Nawaonyesha mawe meupe ya askari wao huko Thika, kisha tunashuka Ruiru wanywe chai kando ya mto, pale palipokuwa na kambi wakati wa vita vya Mjerumani. Unapajua. Ndipo ulipowazika wapagazi wenzako saba, waliorudi wakiharisha damu, wakafa wamebakisha mwendo wa siku moja kufika kwao.

Ulinisimulia mara ngapi! Siku hizo sisi Wakikuyu hatukugusa maiti, lakini ulisema, "Niwaachie fisi watu niliobeba nao mzigo?" Ukawazika. Ulipofika nyumbani, cucu, mama yako, akakuzuia mlangoni mpaka mbuzi achinjwe utakaswe. Na kwa kuwa hakuna aliyewapa jiwe, ukapanda itoka juu ya kila mmoja, ua lile la mpakani ambalo hata mtoto anajua haling'olewi. "Mkikuyu gani atathubutu?" ulikuwa ukicheka.

Ni mimi, Baba. Mwanao.

Bwana, yule mzungu aliyeniajiri, alitaka mahali pa kuegesha gari na kuweka meza. Hakunilazimisha. Aliuliza tu kama yale majani yana maana yoyote, nami nikasema, "Hapana, bwana, ni magugu." Niliogopa kuonekana mshenzi, tena siku hizi za Hali ya Hatari, Mau Mau wakisakwa kila mahali, Mkikuyu akitetea makaburi ya kichakani ataulizwa mengi. Lakini nisijifiche nyuma ya woga. Nilitaka anisifu. Nikachukua jembe, nikang'oa yote saba, nikatupa mtaroni. Akanisifu.

Juzi bibi mmoja mzee, mzungu, kikombe mkononi, akaniuliza wapagazi walizikwa wapi. Nikamwambia hakuna mpagazi aliyekufa huku. Meza yake ilikuwa juu ya Kamau wako, yule aliyekuwa akiwaimbia mkivuka mito. Ai, Baba, ulizaa mtu gani?

Jumapili nilirudi peke yangu. Kule mtaroni matoka yalikuwa yamechipua, mengine yana maua. Nikayapanda tena. Lakini zaidi ya Kamau, nani alikuwa wapi? Ulikuwa ukinitajia majina ukianzia upande wa mto, nami naitikia tu, ee Baba, ee Baba, huku akili iko kwenye mpira. Nimekumbuka matano. Mawili yamekwenda, na mwenye kuyajua ulikuwa wewe tu.

Jumamosi bwana atafoka, pengine atanifukuza. Na anifukuze. Yule bibi alisema atarudi na dada yake, na nitamwambia mbele ya wote kwamba nilimdanganya: hapa wako saba, baba yangu aliwazika, nami nikang'oa alama zao. Nitataja yale majina matano. Kwa hao wawili nitagusa itoka la kila mmoja, wajue kuna watu pale.

Pumzika, Baba. Kaburi lako nitalipalilia mwenyewe, kwa mkono, nikiangalia ninachong'oa.

Mwanao,
Mwangi