Amplifaya ya marehemu kaka

Ndugu yangu, pokea simu! Nimeharibu.

Ile amplifaya ya gitaa ya marehemu kaka, ile ya valvu, zile taa za kioo ndani yake, iliyokuwa ikinguruma hata kabla hajagusa uzi. Ilizimika, shemeji akaniletea mimi fundi niiwashe tu, binti yao apigie gitaa humo, naye mama mtu amsikie mumewe tena.

Niiwashe tu! Mimi nikajitia kuiboresha. Nikabadilisha valvu, nikang'oa kapasita zote kuukuu, nikaumaliza ule mngurumo. Sauti ikatoka safi kama maji ya chupa. Nikajipongeza peke yangu, mzee mzima!

Leo shemeji kaja. Binti akapiga. Mama akafumba macho, akangoja, akangoja. Akayafumbua.

"Shemeji, yuko wapi?"

Nikamuuliza, "Nani?"

"Mume wangu. Alikuwa humu."

Alikuwa humu! Wala hakugomba. Heri angenitukana.

Vile vipuri vya zamani nilivitupa, na gari la taka limeshapita. Nakuandikia nikiwa jalalani, suruali imejaa tope, napekua kama kuku. Sijapata hata kimoja.

Wewe ulipiga gitaa la besi ubavuni mwa kaka miaka yote. Njoo, tafadhali. Nitafunga vipuri vingine, nawe uniambie kama ni yeye. Mimi masikio yangu siyaamini tena.