Shikamoo Katikati ya Penalti

Latifa weka sufuria chini kwanza usome

Leo nusu fainali ya wanawake, yale mashindano ya wachezaji saba kila upande. Tumetoka sare na Turiani, tukaenda penalti. Anastasia golini

Si unajua alimdanganya mama yake? Tangu avunjike mkono alimwambia mpira ameacha, na miezi minne hajakanyaga kwao Mgeta akiogopa kuulizwa

Sasa mpigaji wao anaufuata mpira, sauti ikatoka nyuma ya goli: "We Anastasia"

Mama yake. Kaja mjini kuuza karoti, kafuata kelele

Na Anastasia akageuka. Akageuka, Latifa. Akapiga goti kidogo, "Shikamoo mama." Mpira ukaingia taratibu kabisa

Mama akajibu, "Marahaba. Geuka mbele, wanakufunga."

Refa akamwambia mama asogee. Akasogea hatua moja

Penalti mbili zilizofuata Anastasia kaziokoa zote. Tumeingia fainali

Sisi tunaruka, yeye kasimama mbele ya mama yake kama mtoto wa chekechea. Mama akaupapasa ule mkono muda mrefu. Kisha akamvua glavu zote mbili, akazitia kwenye tenga

"Zitakuwa nyumbani," akasema. "Jumapili baada ya misa njoo uzichukue."

Fainali Jumatano ya wiki ijayo. Saa hizi Anastasia anafua gauni la kanisani, analia huku anacheka