Hasira ya Alasiri Moja

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Kabla hujauliza, mimi ni mzima, ila kikohozi cha vumbi la jukwaani hakijaniacha. Goti lako linaendeleaje? Mpwa wangu ameniambia kwamba siku hizi ngazi za kwako unazipanda kwa vituo. Mwambie fundi aweke chuma cha kushikia ukutani, na asikuzungushe. Na cherehani, ulibadilisha ule mkanda au bado unaupiga kofi ndipo uzunguke?

Najua unashangaa. Tangu ulipokata simu hatujasemezana. Naandika kwa sababu kwenye simu ningeanza kubishana, na unanijua: hata nikishindwa sinyamazi.

Juzi tulicheza tena mchezo wetu wa Mlango wa Nyuma. Ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Nilisimama nyuma ya meza yenye cherehani, spika ndogo masikioni, sauti yako niliyoinasa ikinijia nami nikiirudia neno kwa neno, pumzi kwa pumzi. Kanuni yetu unaijua: maneno ya shahidi hayaongezwi wala hayapunguzwi. Kwa ajili ya kanuni hiyo nimegombana na nusu ya watu wa sanaa. Wanaotunga machozi ya maskini wakiwa kwenye viyoyozi nimewaita waongo waliovaa vizuri. Profesa mmoja nilimfokea hadharani mpaka miwani ikamwanguka. Nilimwambia kwamba sisi hatutungi, sisi tunawarudishia watu sauti zao. Maneno matamu hayo. Ningekuwa mtazamaji ningeyapigia makofi.

Kiwanda cha magodoro kilipoungua na shemeji akabaki ndani, nilikuja kwako na kinasa sauti. Ulikuwa umekaa kwenye chumba chako cha kushonea, unakunja na kukunjua ncha ya kitambaa. Ukasema kwamba yule msimamizi wa zamu aliyeufunga mlango wa nyuma asithubutu kukanyaga kwako, na akija kugonga, hata akiwa anakata roho, humfungulii. Nikaondoka na maneno hayo kama mtu aliyeokota almasi. Nikayaweka mwisho wa mchezo. Nikiyatamka taa zinazimika, na watu wanatoka wakifuta macho.

Mtaani wakakubandika jina la Mama Simfungulii. Ulinieleza kwamba muuza mboga hukuuliza kila asubuhi kama leo umemfungulia. Nikacheka, nikakwambia huo ndio umaarufu wenyewe. Ukanieleza pia kwamba umeacha kukunja kitambaa ukizungumza, maana uliniona nikikikunja jukwaani na watu wakacheka kidogo. Hilo nilidhani unanisifu.

Halafu ukanipigia ile simu. Uliniambia kwamba msimamizi alikuja kwako, kiharusi kimempoozesha upande mmoja, mkewe akimshika mkono. Akapiga hodi. Ulisimama nyuma ya mlango muda mrefu, ukimsikia anavyohema, kisha ukafungua. Alikaa, akakiri kwamba mwajiri aliagiza mlango ufungwe kwa sababu magodoro yalikuwa yanaibwa, na kwamba yeye alitoka kwenda kula, ufunguo ukiwa mfukoni mwake. Hakujitetea. Baada ya hapo akawa anakuja mara kwa mara, anakaa kwenye kiti kile cha wateja. Hamkuwa marafiki, ulisema, ila mikono yako ilikuwa imechoka kuushikilia mlango. Ukaniomba niyatoe yale maneno ya mwisho, au niyaongeze haya ya sasa.

Nami nikakuhutubia! Nikasema wenye mali siku zote wanasubiri waliofiwa walainike. Nikasema mwenye kiwanda hajawahi kupiga hodi kwa mtu. Hilo ni kweli mpaka leo, na bado nitalipigia kelele. Lakini nikaendelea. Nikakwambia shahidi hana haki ya kufuta ushahidi wake. Namwambia nani? Wewe uliyenifuta kamasi. Ukajibu kwa sauti ndogo tu: Kasuku, mimi bado ninaishi. Ukakata.

Juzi, kabla ya mchezo, mpwa wangu akanipigia. Msimamizi amefariki. Ulienda mazishini na goti lako hilo, na wanawe wa kiume wakakuzuia getini, wakakwambia hapa nasi hatufungui, si ndiyo wimbo wako wa kila jioni? Ukageuka, ukarudi peke yako.

Dada, nilipanda jukwaani hivyohivyo. Nilipofika kwenye yale maneno, sauti yako ikanijia masikioni, mdomo ukakataa. Nikazivua zile spika, nikasimama nimezishika, sauti yako inanong'ona humo ndani kama nyuki kwenye kopo. Taa zikazimika. Wakapiga makofi kuliko siku zote! Mwongozaji akanikumbatia, akasema kimya kile kibaki, tukitumie kila siku. Hata aibu yangu waliona inafaa kukatiwa tiketi.

Sasa nikwambie nisichowahi kumwambia mtu. Siku ile ya simu sikuwa natetea ukweli. Nilikuwa natetea mwisho wa mchezo. Kanuni yetu haikunizuia kuja na kinasa sauti mara ya pili. Nilijizuia mwenyewe, kwa sababu nilijua kwamba mlango uliofunguliwa, pamoja na mzee aliyekaa kwenye kiti, havitawanyanyua watu vitini. Hasira ile uliniazima alasiri moja. Wewe ulishamaliza nayo, mimi nikaendelea kuivaa mbele za watu na kuiita wewe.

Jana nilikwenda nyumbani kwa marehemu. Binti yake mkubwa alitoka getini, akanitambua kwa sauti kabla ya sura. Nikamwambia yote uliyonisimulia kwenye simu, bila spika masikioni, pale uliponyamaza nami nikanyamaza, jinsi alivyopiga hodi na jinsi ulivyofungua. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema ndugu zake walikosa, na mama yao anakuulizia, kwa hiyo njoo siku yoyote. Lakini aje mwenyewe, akasema, na aseme mwenyewe. Wewe msanii tumeshakusikia.

Sauti yako nimeitoa kwenye mchezo. Bila hiyo mchezo hauna mwisho, na mwongozaji ananitafuta kwa matusi. Anitukane, ana haki. Ukienda kumwona mjane yule, nitakusindikiza mpaka getini, na getini nitabaki.

Msalimie mpwa wangu, mwambie asante kwa kunipigia. Angalia goti. Na hicho kitambaa, dada, kikunje tu unapozungumza. Mimi nimeshakiacha.

Ni mimi mdogo wako,
Kasuku