Puli ya Krenki na Mkono Wangu wa Kulia

Mikumi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini miguu imepunguza kukuuma na mvua zimeshaanza huko Urambo. Mimi sijambo, ukiacha mkono. Mwandiko huu ni wa mwalimu, jirani yetu. Nimemkataza kunirekebishia maneno.

Mke wangu Tabitha hayupo. Hata angekuwepo nisingempa kalamu, mngesema amejitetea mwenyewe.

Sikiliza ilivyokuwa. Pikapu ilianza kutetemeka mpaka usukani unatia ganzi. Ugonjwa ulikuwa puli ya krenki, pale mbele ya injini. Mpira wake wa katikati, unaozuia mtikisiko, ulikuwa umekwisha. Zamani tungeteseka hivyo hivyo, lakini siku hizi biashara imefunguliwa, maduka ya Morogoro yamejaa vipuri. Nikanunua mpya, si ya kiwanda cha gari lenyewe, ila inaingia. Fundi wa nini? Nikaamua kuifunga mwenyewe uani.

Nati ya puli haifunguki kwa nguvu za mtu. Huwa tunaivalisha spana, mpini unaegemea chasisi, kisha mtu anagusa stata kidogo, injini inailegeza yenyewe. Nikachomoa waya wa koili injini isije ikawaka, nikamketisha Tabitha kwenye usukani. Spana ikawa inateleza, nikaishikilia. Yeye hanioni, boneti imemziba. Akauliza, "Mkono umeutoa?"

Nikamjibu, "Piga, mwanamke. Unanifundisha gari?"

Akapiga. Mpini ukanibana kwenye chasisi. Hospitalini wamekata vidole vitatu, vimebaki gumba na cha mwisho. Wanasema mdomo uliponza kichwa. Wangu uliponza mkono.

Mwezi mzima Tabitha alininawisha, akanilisha, akanifunga vifungo vya shati. Ndipo ikaja barua yako. Sijui yule dereva wa nyumbani aliyepita hapa alikusimulia nini. Mimi nina bendeji, kwa hiyo Tabitha ndiye aliyefungua bahasha akanisomea. Alipofika pale ulipoandika kwamba mwanamke huyu amemkata mwanao mkono, hakuruka neno. Alisoma mpaka salamu za mwisho. Kisha akasonga ugali, akanilisha, na asubuhi akachukua baiskeli akaenda kwao, kijiji cha Ulaya cha huku huku, si Ulaya ya Wazungu.

Nimemfuata mara mbili. Wazazi wake wananipokea vizuri, naye ananipikia, lakini kurudi hataki. Anasema hawezi kukaa kwa mtu ambaye mama yake anamwona muuaji. Mama, nakuheshimu, lakini hapo umenikosea. Aliuliza. Mimi ndiye niliyesema piga. Na bila yeye nyumba hii imenishinda, nalia kama mtoto nikishindwa hata kufunga mkanda.

Puli aliifunga fundi baadaye. Gari limetulia kabisa, analiendesha mtu mwingine.

Nisalimie dada yangu mkubwa anayekutekea maji, na mjomba aliyenilipia nauli ya treni kuja huku. Wasomee barua hii yote, usiwafiche lile neno langu la "piga".

Jambo la mwisho. Chini ya godoro nimekuta karatasi ya Tabitha. Alikuwa ameanza kukuandikia, sijui ni kabla ya barua yako au baada. Ameandika "Shikamoo mama", basi, hakuna kingine. Nimeitia humu ndani ya bahasha.

Mama, mwitikie.

Mwanao,
Maganga
(nimetia sahihi mwenyewe, kwa mkono wa kushoto)