Maziwa Aliyoyakataa Mtoto

Baba Mtoto,

Umetoka zamu umelala fofofo, sikukuamsha. Maziwa ya kwenye chupa yamwage, yamekaa sana. Changanya mengine ya kopo kwa maji yaliyochemshwa, uonje joto lake mkononi, na usimlaze kabla hajacheua.

Mtoto aliyakataa kwa sababu ya dada yako. Ulipokuwa kazini, nilikuwa jikoni nayatengeneza, majirani wamejaa sebuleni, unanijua napenda nyumba ichangamke. Kurudi, namkuta wifi anamnyonyesha mwanangu. “Wifi, chupa ni ya soda,” akaniambia. Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, nimesimama na chupa yangu kama mhudumu wa hoteli.

Wewe uliniona nikikamua matiti mpaka machozi yakatangulia maziwa. Na mtoto alivyomlalia kifuani, macho kayafumba! Mimi hajawahi kunilalia vile.

Naenda saluni, na umbea umeshanitangulia.

~~Mwambie dada yako asikanyage hapa tena.~~

Hapana, aje. Mtoto alishiba. Ila akitaka kumnyonyesha tena aniombe kwanza, mbele ya walewale waliocheka.

Mama yake