Uliondoa Mifupa ya Paa

Karakanani, 4 Machi

Wifi,

Nakusalimu kwa sababu nililelewa, si kwa sababu natamani. Watoto wazima, mimi mzima. Kaka yako si mzima. Paja limevunjika mahali pawili, daktari amemtia vyuma. Ijumaa alianguka kutoka kwenye paa la lango la shule, lile mlilolichora ofisini kwenu nasi tukalikata na kulichomelea hapa. Alipanda kukaza nati ya mwisho. Mkono mmoja wa chuma unaobeba paa ukajikunja kama kijiko, akaja chini nao.

Nimekwenda kuangalia mwenyewe. Kila kona panapotakiwa kile kipande cha pembetatu kinachozuia mkono usijikunje, pako wazi. Vyote ishirini na vinne havipo. Kwenye mchoro wa Januari vilikuwapo. Kwenye faili la kukatia ulilonitumia, havimo. Vimekwenda wapi? Usinijibu kwa maneno ya kompyuta. Nijibu kama mtu.

Wifi yako wa karakana


Ofisini, 7 Machi

Wifi,

Shikamoo, maana umenizidi miaka, japo kwa adabu tunalingana. Nimempigia kaka mara nne. Simu unapokea wewe na kunikatia. Mpe pole yangu, kama mkono wako utafika.

Nakujibu kama mtu. Nani aliniomba? Ujumbe wako wa sauti wa Januari bado ninao: "Wifi, mashine yangu inakwama kila siku kwa uchafu wa michoro yenu! Mistari imelaliana miwili miwili, inakata mahali pamoja mara mbili. Mara vipande vya ukubwa wa kucha. Safisha basi!" Nikasafisha. Nikaandika skripti, yaani maagizo ambayo programu ya kuchorea inayafuata yenyewe: mistari iliyolaliana ubaki mmoja, nyufa ndogo zizibwe, na chochote chenye upana chini ya milimita sitini kifutwe. Ulinishukuru, tena kwa kicheko.

Vipande vya pembe vilikuwa na milimita themanini, havikuguswa. Kisha wenye shule wakataka paa jembamba. Mhandisi akabadilisha namba moja tu na mchoro mzima ukajipanga upya, ndiyo kazi ya programu ile. Vipande vikashuka hadi hamsini na tano. Skripti haijui pembe ni nini. Ikaona uchafu.

Lakini karakana ni yako, na macho unayo. Unachomelea paa lisilo na pembe hata moja, huulizi?

Wifi yako wa ofisini


Karakanani, 10 Machi

Wifi,

Leo salamu sina.

Nilikuomba uondoe uchafu, sikukuomba uondoe mifupa. Mimi nakata nilicholetewa. Nikianza kuwafundisha wasomi wa ofisini kuchora, mtaniambia nikae na cheche zangu. Si ulishaniambia hivyo, mbele ya mama mkwe?

Kaka yako ameuliza mara moja tu. "Dada anasemaje?" Nikamwambia, "Anasema kosa ni langu." Akageukia ukutani, hakula mpaka kesho yake.

Ninalokuuliza sasa ni moja. Hiyo skripti yako uliipitisha kwenye michoro mingapi mingine? Jibu hilo, mengine tutagombana baadaye.

Wifi yako wa karakana


Karakanani, 16 Machi

Wifi,

Siku sita. Mingapi?


Nyumbani, 19 Machi

Wifi,

Shikamoo. Natumaini kaka ameanza kukaa.

Michoro kumi na mmoja. Niliifungua yote siku ileile nilipopata barua yako, nikaulinganisha kila mmoja na faili lake la kukatia. Kumi ni mizima. Wa kumi na moja ni wa paa la baraza la zahanati. Lilikatwa na karakana nyingine na limesimama tangu mwezi uliopita. Vipande kumi na sita havipo. Chini yake kuna mabenchi manne ya wajawazito.

Nilimwambia mkuu wa ofisi. Akafunga mlango. "Tuliza boli," akasema. "Mwezi ujao tutaenda kurekebisha kimyakimya. Ukiandika barua, umetumaliza sote." Nikatulia. Siku zote hizo nilikula na kulala, wifi, huku nikijua. Ndipo ukaja mstari wako.

Jana nilikwenda zahanati. Muuguzi mkuu alidhani natafuta kazi. Nikamwonyesha picha ya mkono wa paa la shule, ule uliojikunja, nikamwambia aliyekuwa juu yake ni kaka yangu. Akashika benchi upande mmoja, nikashika upande wa pili. Tulipomaliza kuyatoa yote manne tukalizungushia baraza kamba. Kisha nikawaandikia wakaguzi wa majengo kwa jina langu. Saa nane mchana mkuu, alipopata habari, aliniambia niache funguo mezani.

Na lipo nililokuficha. Skripti ilikuwa na uwezo wa kuandika orodha ya kila ilichokifuta. Sehemu hiyo niliiandika mwenyewe, kisha nikaizima, kwa sababu orodha ilikuwa ndefu na ilinichosha kusoma. Ningeisoma, ningeviona.

Karakana iliyokata paa lile imekataa kuligusa tena. Mchoro wa kwanza, ule kamili, nimeuweka humu. Siombi msamaha wako, najua bei yake. Naomba vipande kumi na sita.

Wifi yako


Karakanani, 23 Machi

Wifi,

Kaka yako amesoma barua yako kwa sauti, akalia. Mimi sikulia, usijidanganye. Hizo siku ulizokula na kulala sitazisahau hata tukizeeka pamoja.

Lakini na mimi nina langu. Siku tuliyokata paa la shule, sanduku la vipande vidogo lilijaa nusu tu. Niliona. Nilifurahi, nikasema leo tunafunga mapema. Mchomeleaji wangu akaniuliza, "Mama, hizi kona zinabaki hivihivi?" Nikamjibu, "Fuata mchoro." Kaka yako halijui hili. Namwambia leo, kabla hujafika ukamwambia wewe.

Vipande kumi na sita viko tayari. Nimevipima kimoja kimoja kwa mkono, na wakaguzi wametia sahihi. Jumanne saa mbili asubuhi uje uvibebe. Vaa viatu vya kufunika vidole, si vile vya ofisini. Sauti yako bado sitaki kuisikia, kwa hiyo njiani usiongee.

Tukifika, nitapanda mimi kuchomelea. Ngazi utashika wewe. Ishike kwa mikono miwili.

Wifi yako wa karakana