Karatasi ya Kura Iliyopungua Darasa la Pili

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwenye jalada, mtaani huitwa Mama Pindo
Umri: miaka 41
Kazi: fundi cherehani
Makazi: nyuma ya soko

Jana nilieleza nusu. Leo nimerudi mwenyewe, bila kuitwa.

Mnamo tarehe 14, saa 1:00 asubuhi, nilikaa kituo cha kupigia kura, darasa la pili la shule, nikiwa wakala wa mume wangu, mgombea udiwani. Kazi ya wakala ni kulinda sanduku. Mimi nilimlinda msimamizi wa kituo. Joto lote lile, yeye kavaa koti zito. Koti hilo nililishona mimi, na najua lina mfuko wa ndani unaomeza daftari zima. Kila alipoingiza mkono kifuani, nilinyanyuka kitini. Alitoa leso mara tisa. Nilihesabu.

Saa 5:20 alifika mama mkwe wangu. Alipakwa wino kidoleni, akapewa karatasi yenye picha za wagombea, akaingia kwenye kibanda cha kupigia kura. Hapo hapo msimamizi akasogea dirishani, mkono ndani ya koti. Sikumbandua jicho. Nilipogeuka, mama alikuwa mlangoni ananipungia.

Saa 11:30 jioni tulihesabu. Karatasi zilizotolewa 287, zilizokuwa sandukuni 286. Mpinzani 143, mume wangu 142, moja imeharibika. Nikasimama. "Vua koti!"

Msimamizi akasema, "Dada, mimi nina mafua tu."

Nikamjibu kwamba mafua hayaibi kura. Alipekuliwa, ikapatikana leso. Nikasema basi kaipitisha dirishani, na kwa maneno yangu mkamweka mahabusu.

Leo tarehe 15, saa 2:00 asubuhi, nilimpelekea mama mkwe chai. Kabatini, kwenye fremu ya picha ya harusi yetu, niliona karatasi ya kura imechomekwa. Alama ya vema iko kando ya picha ya mume wangu. Nikauliza, "Mama, mbona hii hukuitumbukiza?"

Akasema, "Nimtumbukize mwanangu kwenye ndoo? Nimemchagua, nikaja naye nyumbani. Si ulikuwepo, mama? Uliniona."

Sikumwona. Nasikia kuna nchi watu hupiga kura nyumbani wakaituma kwa posta. Mama mkwe angewafaa. Kwetu kura ni ile iliyofika sandukuni, na sanduku lilikuwa hatua nne kutoka kiti changu.

Karatasi nimeileta. Nina aibu sana. Kama kuna wa kushtakiwa, niwe mimi, mama ana miaka 78. Naomba msimamizi aachiwe.

Mama aliniuliza mwanawe amepitwa kwa kura ngapi. Nimemwambia nyingi.

Nimesomewa haya, ni yangu yote, sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Afisa: Yameandikwa nami saa 4:10 asubuhi. Kielelezo, karatasi moja, kimepokelewa. Msimamizi ameachiwa saa 4:35, amekabidhiwa koti na leso. Shahidi alikuwa bado amesimama mlangoni akimsubiri.